Kimya cha Kaseti ya Bakari

Maimuna,

Salamu nimeziweka mwisho safari hii. Usidhani nimesahau adabu. Ukifika chini utaona kwa nini.

Naandika hapa kibandani kwangu, jua bado halijatua, na mama yako ameshapita kuniuliza kama zipu ya lile begi lako imepona. Imepona. Mambo ya chakula cha njiani, ya kutoliondolea begi macho basi likisimama kungoja askari wa kulisindikiza, ya kumpigia simu shangazi yako ukishuka Nairobi, hayo yote mama yako atakuambia kesho alfajiri, na atayarudia mpaka dereva aondoe gari. Mimi siyawezi. Mimi nina jambo moja tu, nalo linamhusu Bibi yako, mama yangu. Ningekuambia kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa wa maana. Unanijua. Hata nikikusudia kusema pole, kinachotoka ni ukali. Kwa hiyo barua hii nampa mama yako akukabidhi leo ukirudi kutoka Tarasaa kuaga, uisome kabla hujalala. Usiiweke ya kusomea kwenye basi. Kwenye basi itakuwa umeshachelewa.

Wiki nzima umeingia chumbani kwa Bibi asubuhi na jioni. "Shikamoo, Bibi." Kimya. Umesimama pale mlangoni kama mtoto aliyelelewa vizuri, ukingoja akunyoshee mkono uubusu, na mkono haukuja. Umekaa kwenye kigoda ukamsimulia habari za kazi, kageuza uso ukutani. Juzi ulitoka mle unalia, ukamwambia mama yako, "Bibi amenichukia, anaona namtupa." Basi hilo ndilo ninalotaka kuling'oa kabla hujaondoka. Bibi hana hasira na wewe hata chembe. Bibi anaogopa. Anaogopa kuijibu sauti ambayo haina mtu.

Nitaanza mbali kidogo, maana wewe ulikuwa bweni kule Hola na mengi yalikupita.

Kaka yako Bakari alipokwenda Jeddah kuendesha lori hakuwa mtu wa kuandika, na Bibi macho yake yalikuwa yameshazimika, hawezi kusoma. Akawa anatuma kaseti, kama wanavyofanya wote wenye watu Arabuni. Kaseti za namna hiyo nimezisikia nyingi hapa kibandani, watu wakiniletea redio zao zimetafuna utepe. Wengi huzungumza mfululizo kama mtangazaji, salamu kwa fulani, salamu kwa fulani, mpaka upande unakwisha. Bakari hakuwa hivyo. Bakari alisalimia kama tunavyosalimiana huku kwetu mtoni. Sisi hatumsalimii mtu kwa mkupuo. Unauliza, unangoja, unajibiwa, ndipo unauliza lingine. Naye akaiweka hiyo ndani ya kaseti vilevile.

"Bibi, hujambo?" Halafu hakuna kitu, utepe unazunguka tu. "Umelalaje?" Unazunguka. "Miguu je?" Unazunguka. "Mto umefika wapi?" Hapo husubiri kidogo zaidi. Kisha husema, "Aa, afadhali hivyo," na kuendelea na mwingine.

Wakati huo Bibi alikuwa bado Kulesa, kwenye nyumba yake ya ukingoni. Nilimpelekea redio kaseti niliyoiunga kutoka kwenye mbili zilizokufa. Kila Ijumaa baada ya Alasiri aliiweka mapajani, akabonyeza, akawa anamjibu Bakari kana kwamba amekaa naye mkekani. Sijambo mwanangu. Nimelala salama ila mbu. Miguu ndiyo hii, inanikatalia. Na jibu lake likiisha tu, Bakari anaingia na swali lake jingine, wala hawagongani. Mimi nilikuwa nacheka. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kutu iliyopakwa kwenye ukanda wa plastiki." Akaniambia, "Na wewe ni udongo, mbona nakujibu?"

Kisha Bakari akafa barabarani kule, akazikwa kulekule kabla sisi hatujapata habari. Hilo unalijua, sitalirudia. Ambalo hujui ni kwamba matanga yalipokwisha, Bibi akiwa bado hapa kwetu, aliomba redio yake. Mimi nilikataa. Niliona tunamfuga wazimu ndani ya nyumba. Mama yako ndiye aliyemwekea, siku moja nimekwenda Malindi kununua vifaa. "Bibi, hujambo?" Bibi akajibu, "Sijambo, mwanangu, ila umeniliza." Niliporudi nikamkuta ametulia kuliko alivyokuwa tangu msiba. Nikamuuliza kwa upole, kwa mara moja katika maisha yangu, kama anajua Bakari hayupo. Akasema, "Najua amekufa. Lakini ameuliza."

Basi nikaacha. Akarudi Kulesa na redio yake, Ijumaa zikapita. Halafu ikaja ile mvua kubwa ya juzijuzi, na mto ukaacha njia yake. Nilikwenda Kulesa kwa mtumbwi kumtoa Bibi. Nilipofika maji yalikuwa yamenifika magotini, na nilipoingiza kichwa mlangoni nikamkuta ameketi juu ya kitanda, redio mapajani, betri zimekaribia kwisha. Unajua sauti inavyokuwa betri zikilegea. Bakari alikuwa amekuwa mzee, mzito, kama anaongea kutoka chini ya kisima.

"Mto umefika wapi?"

"Umefika mlangoni, mwanangu," Bibi akasema.

Mimi nimesimama pale mlangoni, naona mwiko na kata za Bibi zinaelea. Kikapita kile kimya. Halafu Bakari akasema polepole, "Aa. Afadhali hivyo."

Nilimbeba Bibi mgongoni na sikumwambia mtu habari hiyo, hata mama yako. Niliona nikiisema nitaipa nguvu.

Kaseti nyingine zote zilikwenda na maji. Iliyobaki ni ile moja iliyokuwa ndani ya redio, nayo ililowa. Niliifungua, nikaukausha utepe kwa pamba, nikauhamishia kwenye ganda jipya. Inalia, lakini kila nikisafisha kichwa cha redio kwa spiriti, pamba inatoka na unga wa kahawia. Ule unga ndio sauti yenyewe inabanduka. Ndiyo maana nakwambia, wazo lako lilikuwa zuri. Uliponiambia kwamba kule chuoni Mombasa kuna kompyuta inayoweza kuichukua sauti na kuitunza bila kuchakaa, nilikupa ile kaseti kwa mikono miwili. Nilijivuna mno. Watu hapa wananiuliza kama ni kweli mwaka wa elfu mbili ukiingia redio zote zitazima, nami nawaambia muulizeni Maimuna, yeye ndiye anayeongea na kompyuta, na karibu atamwingiza kaka yake humo.

Ukarudi na ile ya zamani pamoja na kaseti mpya. Nakumbuka tulivyokaa, mama yako na leso yake, mimi kwenye kiti cha kamba. Ulibonyeza. Hakukuwa na ule mvumo wa shhh tuliouzoea. Bakari alikuwa karibu, mkavu, kama amesimama nyuma ya pazia. Mama yako alishika mdomo.

Lakini wewe ulikuwa unamwangalia mama yako. Mimi nilikuwa namwangalia Bibi. Alijitengeneza leso kama kila Ijumaa, akainua kidevu. Bakari akasema, Bibi-hujambo-umelalaje-miguu-je-mto-umefika-wapi. Bibi alikuwa ameanza "Sija—" na mwenzake ameshafika miguuni. Akaruka kumjibu ya miguu, mwenzake yuko mtoni. Aliinua mkono hewani, vile mtu anavyosimamisha gari barabarani. Bakari akasema "Aa, afadhali hivyo" kwa jambo ambalo Bibi hakulisema. Mara upande ukaisha.

Ukatuambia, na macho yanakung'aa, "Mashine imetoa kimya yenyewe, Baba. Inatafuta mahali pasipo na sauti, inakata. Inaokoa nafasi." Na Bibi akauliza, "Kakimbilia wapi?"

Ulijuta, nilikuona. Ndipo ukaja na wazo la pili, na hili tuliligawana, kwa hiyo usilibebe peke yako. Ulikuwa umenieleza kazi uliyopata Nairobi. Kwamba kampuni itamweka mwanamke mmoja ndani ya chumba kisicho na mwangwi, asome namba na majina ya miji na siku za wiki, moja moja. Kisha nyinyi mtazikata na kuziunga, ili mtu akipiga simu kuuliza ndege yake inaruka saa ngapi, yule mama amjibu, hata kama yuko kwake anapika, hata kama ameacha kazi. Nikakuuliza, hata kama amekufa? Ukacheka. Ukanisimulia pia ile programu uliyoikuta kwenye duka la intaneti pale Mombasa, ambayo ukiiandikia lolote inakujibu. Kwamba usiku mmoja uliiandikia kaka yangu amekufa, nayo ikakuuliza, kwa nini unasema kaka yako amekufa. Ulinisimulia unacheka, lakini ukasema usiku ule uliomba kulala kitanda cha mbali na dirisha.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, mwanangu, tuishie hapa. Nilichosema ni, "Jaribu."

Ukajaribu. Ulilitoa "Maimuna" pale alipokusalimu wewe. Ukalitoa "anasafiri" pale alipomtaja rafiki yake wa Kipini. Ukaitoa "mwombee dua" pale alipozungumza habari za mjomba wako alipokuwa mgonjwa. Ukaviunga, ukavirudishia na nafasi katikati, ndefu vilevile kama za zamani. Nikasikiliza hapa kibandani. "Bibi, hujambo? Maimuna anasafiri. Mwombee dua." Mimi nimefanya kazi ya sauti tangu kabla hujazaliwa, na sikuona ulipounga. Nilijikuta nimeshaizima. Nikajiambia ni furaha.

Ijumaa ile unaikumbuka, lakini ulikuwa umesimama nyuma yake, hukuona uso. "Bibi, hujambo?" Safari hii hakujibu. Aliiacha nafasi ipite, kichwa kimeinama, anasikiliza. "Maimuna anasafiri." Akauliza, "Kasema hivi lini?" Ukamwambia, "Ni yeye, Bibi." Akapeleka vidole akavilaza kwenye kitambaa cha spika. Ile nafasi ya pili ikafika. Akasema, "Humu hamna mtu." Ya tatu ikafika. "Na humu." Akainuka akaupapasa ukuta mpaka chumbani kwake.

Tangu siku hiyo Bibi hamjibu mtu. Mama yako anadhani ni uzee. Mimi nilikuja kuelewa kwa bahati tu. Niliingia kumpelekea uji, nikasema "Mama, hujambo," kimya, nikajikwaa kwenye ule mkeka wake na mkono wangu ukaangukia mguu wake. Akasema papo hapo, "Sijambo, baba. Kumbe ni wewe." Nikakaa chini. Nikamuuliza. Akaniambia, "Sauti zimekuwa nyingi humu ndani. Nitajuaje ipi ina mwenyewe?"

Umeelewa? Wewe ni mtoto mwenye adabu, huwezi kumnyakua mtu mzima mkono. Unaamkia, unangoja anyoshe. Naye hawezi kuunyosha kwa sauti tupu, anangoja ashikwe. Wiki nzima mmengojana. Kwa hiyo kesho, ukiingia, usiseme neno. Nenda mpaka kitandani, uchukue mkono wake, uubusu, ndipo uamkie. Nimekupa ruhusa ya kukosa adabu. Akija mtu kukulaumu, mlete kwangu.

Sasa nikueleze la mwisho, na hili ni zito kidogo.

Baada ya Ijumaa ile nilimwekea ile kaseti ya zamani, yenye mvumo wake. Nilidhani itamrudisha. Aliisikiliza mpaka mwisho hakutia neno. Akasema, "Sijui tena." Wallahi, Maimuna, hakuna kitu kilichonichoma kama hicho. Nilitoka pale nikaja kibandani nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Nilitaka kujihakikishia kwamba mle kwenye zile nafasi mna tofauti na hizo zako, hata kama ni mvumo tu. Nikasafisha kichwa, nikafunga lile dirisha la mbao, nikavaa vile vispika vya masikioni alivyoniachia fundi mmoja wa redio za polisi, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Kwanza shhh. Halafu feni. Nikaijua ni feni kwa sababu ilikuwa na jino moja linalogonga. Halafu gari mbali. Halafu mtu anavuta pumzi. Alikuwepo, Maimuna. Amekaa pale, mdomo karibu na maiki, anangoja. Na chini ya pumzi kulikuwa na mnong'ono.

"Sijambo, mwanangu. Alhamdulillahi."

Nilivivua nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Nje palikuwa na kijana anajaza baiskeli upepo. Nikavivaa tena. Kila nafasi ilikuwa na mnong'ono wake, wa sauti ya kizee, ya kuburuta maneno. "Miguu ndiyo hii, inanikatalia." Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni Bakari mwenyewe. Alikuwa anamjibia Bibi kwa kunong'ona, ili ajue amngoje kiasi gani. Peke yake kwenye chumba cha madereva kule Jeddah, anauliza kama yeye, anajibu kama bibi yake, anauliza tena. Ndiyo maana walikuwa hawagongani.

Mashine yako ilipopita hapo ilisikia kelele, ikafuta. Siilaumu, wala sikulaumu. Sisi wenyewe tulikaa na hiyo kaseti miaka hatukumsikia.

Nikafika kwenye ile ya mto. "Mto umefika wapi?" Akanong'ona, "Umefika mlangoni. Ingia ndani ulale." Maneno hayo nayajua. Bibi alikuwa akitutishia nayo sote utotoni, mimi na ndugu zangu, na baadaye nyinyi, ili tuache kucheza tukalale. Kwa hiyo Bakari alikuwa anamkumbuka tu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Lakini alirekodi kabla ya mvua, alikufa kabla ya mvua, na mimi nilisimama kwenye mlango ule na maji yakiwa magotini. Sehemu hiyo siisikilizi jua likishazama.

Halafu ikaja nafasi yangu. Ipo, kila kaseti aliyotuma ilikuwa nayo. "Na Baba naye, hajambo?" Siku Bakari anaondoka nilimwambia, mbele ya mama yako, "Ukifika huko usinitumie salamu." Nilitaka abaki kwenye kibanda hiki, ashike pasi ya kuchomelea, nife nikiwa najua kuna mtu. Ndivyo nilivyomuaga. Naye akanitumia salamu kaseti baada ya kaseti, akiniachia na mahali pa kujibu. Kila ikifika hapo mimi nilikuwa natoka nje kuangalia betri. Mama yako alikuwa ananitazama tu. Sikumjibu hata mara moja.

Nilipandisha sauti. Kwanza nikasikia kikohozi, kile changu cha asubuhi, cha sigara. Kisha akanong'ona kwa ukali wangu huuhuu, "Mzima. Wewe angalia kazi yako." Akangoja kidogo. Akasema kwa sauti yake, "Aa, afadhali hivyo."

Nililaza kichwa mezani kwenye vumbi la risasi ya kuchomelea nikalia, na nilikuwa naogopa vilevile. Nimemsikia marehemu akinijibia, na jibu lilikuwa langu.

Nilimpelekea Bibi. Nilimshika mguu kwanza, nikamwambia, "Mama, ni mimi," nikamvisha vile vya masikioni. Alisikiliza upande mzima, midomo inatembea. Mwisho akatoa sauti kama ya kicheko. "Mjinga huyu," akasema. "Ananiigiza." Kisha akaniuliza, "Yule msichana anayeingia humu kila siku kuniamkia, ni Maimuna kweli au ni wewe na mashine zako?" Nikamwambia ni Maimuna. Akasema, "Basi mbona hanishiki?"

Akaomba kaseti mpya.

Ameirekodi leo mchana ulipoondoka kwenda Tarasaa. Nimeiweka ndani ya begi lako, chini, nimeivalisha soksi. Anakusalimu kama Bakari alivyokuwa akimsalimu yeye. Anauliza, anangoja. Nimeisikiliza kwa vya masikioni, na kwenye nafasi zako hanong'oni kitu. Nilimuuliza kwa nini hakujibii. Akasema, "Sijui atakuwa mtu wa kujibu vipi huko anakokwenda. Ajibu mwenyewe." Swali lake la mwisho ni "Utarudi lini?" Akangoja. Mimi nikapeleka mkono kuzima, akanipiga kofi mkononi kama mtoto. Utepe ukaenda mpaka upande ukaisha. Akanionyesha kwa kidole, geuza. Nikageuza.

Upande wa pili wote, Maimuna, ni Bibi anangoja jibu lako. Utasikia koleo langu likianguka. Utasikia kuku, na kinu cha kusaga cha pale sokoni, na adhana ya Alasiri. Utasikia anavyopumua. Karibu na mwisho kuna mtu anasema kwa mbali, "Afadhali hivyo." Ile redio kichwa chake cha kufutia ni kibovu, huacha mabaki ya sauti iliyokuwepo kwanza. Ndivyo ningemwambia mteja. Lakini kaseti ile ilikuwa mpya, karatasi yake ya nailoni niliichana mwenyewe. Bibi alitikisa kichwa kidogo, kisha akaendelea kungoja. Hakuinuka mpaka ilipokwisha.

Uliniomba ile ya Bakari uende nayo, ukaitengeneze na mashine kubwa za huko. Nimewaza sana, na inabaki hapa. Najua itakwisha. Kila Ijumaa nitatoa unga kidogo kwenye pamba, na itafika siku itakuwa mvumo mtupu, na Bibi kama yupo atakuwa anajua kuwa ndani ya huo mvumo kuna mtu. Nimeanza kumjibu na mimi. Najisikia mpumbavu, lakini namjibu.

Kazi yako sina la kukufundisha. Utakaa na yule mama na namba zake, na mkasi wenu usioonekana. Nakuomba kitu kimoja tu, na ni cha fundi kwa fundi. Kabla hujakata mahali unapodhani ni patupu, vaa vya masikioni, pandisha mpaka mwisho, usikilize mara moja. Ukiwa na haraka, ukate. Lakini uwe umesikiliza.

Karatasi inakwisha, na adhana ya Magharibi itatoka sasa hivi. Nikishampa mama yako hii nitakaa nje kwenye lile benchi, upande wa ukuta wa chumba cha Bibi. Siendi popote, hata betri ikizima. Safari hii sitoki kwenda kuiangalia. Ukimaliza kusoma njoo, na usiniite kutoka mlangoni. Njoo mpaka nilipo unishike bega.

Sasa ndipo ninapokusalimu. Hii sehemu ya chini nimeiacha wazi, sikuandika kitu, kwa makusudi.

Hujambo, mwanangu?